Tafsiri Yangu ya Mchezo wa Alhamisi

Mume wangu alikuwa seremala mgodini Mwadui, na redio yetu aliachiwa na msimamizi wake mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa redio ya betri, na betri yenyewe nzito kuliko redio, kwa hiyo tuliiwasha kwa kuionea huruma: habari kidogo, na mchezo wa Alhamisi jioni. Siku nyingine zote ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu. Mtu akiigusa bila kuniambia, siku hiyo alinitambua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kama kumi na tisa, mimba yangu ya kwanza. Nilikuwa nimesoma darasa la nne misheni na nilijiona msomi. Katika safu yetu ya kota walikaa watu wa kila kabila, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa Ujiji, Mwislamu, mwenye Kiswahili kitamu mpaka nikamwonea wivu. Kila Alhamisi alikuja na kigoda chake, akaketi, akanyoosha miguu na kusema, "Haya shoga, tuwasikie hao wasioelewana."

Maana mchezo wenyewe ulikuwa wa familia isiyoelewana. Baba mkali, mama mnyonge, kijana wa kiume aliyefukuzwa nyumbani, na binti mgonjwa aliyekohoa kila baada ya dakika mbili ili tusimsahau. Baba alikuwa na siri fulani ndani ya sanduku, na mpaka leo siijui, kwa sababu nitakazozieleza. Waliotunga walikuwa wajanja. Kila wiki walikata mambo pale pale yalipokolea, muziki ukapigwa, mtangazaji akatuaga, nasi tukabaki roho juu siku saba. Mume wangu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akimfokea hata mbuzi, alikuwa akimtukana yule baba wa redio kwa sauti.

Mimba ilipofikia mwezi wa nane mama yangu akaja. Kwa desturi mimi ndiye ningekwenda kujifungulia kwake kijijini, mwendo wa siku nzima kwa miguu, lakini mume wangu alitaka mtoto azaliwe hospitali. Mimi nilitaka mama. Dada yangu mkubwa alikuwa amekufa kwa uzazi miaka mitatu kabla, nyumbani kwa mumewe, mama akiwa njiani kumfuata. Tangu hapo nilijua jambo moja tu kuhusu kuzaa, kwamba mama asipokuwepo unakufa. Sikumwambia mtu. Usiku nilikuwa naliota jambo hilo, mchana nalifukuza kwa kufua na kupiga pasi.

Kuja kwa mama kwenye kota ya vyumba viwili kulikuwa na kazi yake. Kwetu Usukumani wakati ule mama mkwe na mkwe wake hawakutazamana. Hawakula pamoja, hawakukaa chumba kimoja, hawakuzungumza. Si kwa ugomvi, ni heshima. Mume wangu alimpa jiko la nje, akalikandika upya, akaweka kitanda cha kamba na mlango wa mbao safi, maana seremala ni seremala. Asubuhi alipotaka kutoka kwenda kazini alikohoa mara mbili, na mama akageukia ukutani mpaka apite. Akiwa na neno la kumwambia mama aliniambia mimi, na mama akijibu alinijibu mimi, hata kama wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

Alhamisi ya kwanza nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Ndani walikuwa mume wangu na jirani na redio. Nje, hatua tatu tu kutoka nilipo, alikuwa mama mlangoni mwa jiko, ametupa mgongo, kaniki mpaka kichwani. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni. Kwa hiyo nilisikiliza kwa sikio la ndani na kumpelekea kwa Kisukuma kwa mdomo wa nje. Nilikuwa hodari, na nilipenda kuonekana hodari.

Baada ya muda akaniuliza, "Hao watu wanajua kwamba tunawasikiliza?"

"Mayu," ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "ni mchezo."

"Mwanamke analia namna hiyo, unaniambia ni mchezo? Mnaingia nyumba ya watu bila hodi. Mimi nimewapa mgongo, lakini nyie mmewakodolea macho."

Nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Nilimweleza jirani, naye akacheka. Sasa sicheki. Nilijaribu kumweleza mama kwamba ni watu wanaosoma maneno kwenye karatasi huko Dar es Salaam, akaitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mgonjwa wa homa. Yule mama wa redio akilia, mama yangu alisema "pole, mayu" kwa sauti ndogo, kila mara.

Na ni lazima niseme kwa nini mambo ya nyumba ile yalimwingia kiasi hicho. Nyumbani kwetu pia kulikuwa na mtoto aliyefukuzwa. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, alichoka kuchunga akasikia habari za dhahabu upande wa Geita. Alfajiri moja akaondoka bila kuaga, na kwa haraka yake hakuziba lango la zizi. Tuliamshwa na fisi. Ndama sita, na ng'ombe mmoja mwenye mimba. Baba alisimama pale langoni kwenye damu, mbele ya majirani, akasema mtoto huyo akikanyaga mji wake tena, yeye baba awe hai au awe kaburini, na afuate njia ya ndama wale. Nilikuwepo, nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Miaka minne baadaye baba akafa na neno lake hajalifuta. Kaka hakuja kuzika. Angewezaje kuja?

Kwetu neno kama hilo halifi na aliyelisema. Mtoto aliyefukuzwa hawezi kuingia mwenyewe, hata akililia mlangoni. Mzazi aliyebaki anatoka, anamfuata aliko, anachanganya maji na unga wa mtama, anayajaza mdomoni na kumpulizia usoni na kifuani, huku akisema ya kusema. Ndipo anamshika mkono. Mama alikuwa tayari kulifanya hilo tangu matanga yalipokwisha, ila hakuna aliyejua kaka yuko shimo gani, maana wachimbaji wa vishimo vidogo kule walihama kila waliposikia fununu.

Basi siku chache baada ya ile Alhamisi ya kwanza, akaja mtu. Mchimbaji, kijana wa Kisumbwa, macho mekundu ya vumbi, akiwa njiani kwenda Tabora kumtazama mjomba wake. Alikuwa amepita kijijini akaambiwa mama yuko kwetu, akaulizia kota hadi kota mpaka akatupata. Alimkuta mama uani anaanika michembe, viazi vilivyokatwakatwa.

"Mwadila, mayu," akamwamkia, akapiga goti. "Nimetumwa na mwanao."

Mama aliketi chini pale pale juu ya michembe.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Kaka alikuwa kwenye kambi ya wachimbaji, mwendo wa nusu siku kutoka Geita. Alikuwa amejiandikisha kwenda kwenye migodi ya Kusini, mbali sana, na lori la kuwachukua lingekuja mwezi mpya ukiandama. Hakutaka kuvuka mipaka akiwa na neno la baba mgongoni. Alimwomba mama aje ampulizie maji. Alisema angeshinda kila siku pale malori yanaposimama, ili mama asihangaike kumtafuta.

Yule kijana alieleza njia vizuri. Gari la moshi kutoka Shinyanga mpaka Mwanza, halafu pantoni, halafu lori. Siku tatu za kwenda, tatu za kurudi. Akala, akatushukuru, akaenda zake. Mama alibaki anahesabu siku kwa mafundo kwenye ukanda wa kaniki yake. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na nne.

Ningependa kusema kwamba nilimfurahia kaka. Nilimfurahia kidogo. Halafu nikalitazama tumbo langu, na nikaanza kumchukia. Miaka saba hakututafuta, nikasema moyoni, leo anamtaka mama wiki hii hii. Nesi alikuwa ameniambia bado wiki tatu, lakini dada yangu naye aliambiwa bado. Nikaanza kuwa na maumivu ya mgongo. Yalikuwepo kweli, siyatungi, ila niliyaugulia kwa sauti zaidi ya yalivyostahili, hasa mama akiwa karibu.

Mama alikuwa kati ya moto na moto. "Nikienda, wewe," alisema. "Nikikaa, yeye." Kijijini angejua la kufanya. Angekwenda kwa mfumu, mganga wa kutazama, kuku akapasuliwa, njia ikaonekana. Kwenye kota za mgodi hapakuwa na mfumu. Palikuwa na zahanati na duka. Akawa anazunguka uani na ufagio hata pasipo na kitu cha kufagia.

Sasa, Alhamisi hiyo ya pili, mchezo ulikuwa umeishia hivi: yule kijana wa redio alimtumia mama yake barua kwa siri. Anaondoka na gari la moshi keshokutwa jioni. Kama mama anampenda, amfuate stesheni. Asipomwona, hatarudi tena maisha yake. Mama ameshika barua. Binti mgonjwa anakohoa chumbani, anaita. Baba anasikika akifungua mlango wa mbele. Muziki! Jirani yangu alipiga kofi na kuapa.

Nilipomtafsiria mama, aligeuka. Ndiyo mara ya kwanza alipogeuka na kuitazama redio, akasahau kwamba mkwe wake yumo ndani. Mume wangu akaruka akajificha nyuma ya kabati.

"Huyu mama ana taabu yangu," mama akasema. "Ametangulia hatua moja tu. Mwanangu, Mungu hakunipa mfumu hapa, amenipa hii sauti. Nitangoja nijue amefanyaje. Akienda, nitakwenda. Akikaa, nitakaa."

Nilimwambia mayu, hapana, ni mchezo tu, ni maneno ya karatasi. Nilimwambia mara moja. Ningemwambia mara kumi, ningemwita jirani, ningemtafutia Msukuma mwingine wa kumweleza. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu: anangoja mpaka Alhamisi, zinabaki siku nne tu mwezi uandame, na mimi ndiye mdomo wa redio.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama alisaga unga wa mtama, kiasi cha konzi mbili, akaufunga kwenye kitambaa cheupe na kuuweka chini ya mto wake. Siku ya Alhamisi aliketi mlangoni mwa jiko tangu saa tisa. Mume wangu alirudi kazini, akakohoa mara mbili, akapita. Jirani akaja na kigoda. Redio ikawashwa, ikakoroma, ikatulia.

Nitaeleza kilichotokea kwenye mchezo kama kilivyotokea. Yule mama alitaka kwenda. Akafunga kanga, akashika mlango. Binti akamwita, "Mama usiniache," akarudi kumpa maji. Akatoka tena, binti akaita tena. Mara tatu hivyo. Mwisho akakimbia, tukasikia miguu yake, tukasikia anahema, tukasikia kengele ya stesheni. Alipofika, gari la moshi lilikuwa limeondoka. Msimamizi wa stesheni akamwambia, "Kulikuwa na kijana hapa, mama, alikuwa anatazama njia mpaka dakika ya mwisho." Basi yule mwanamke alilia kilio ambacho hakikuhitaji tafsiri. Jirani yangu alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Mume wangu alikuwa akitazama sakafu.

"Amefanyaje?" mama akauliza kutoka nje. "Mbona analia?"

Niliona mikono yangu juu ya tumbo. Mtoto alikuwa anacheza. Nikasema, "Analia kwa furaha, mayu. Hakwenda. Alikaa kumtunza binti yake. Na kijana, gari la moshi lilipofika, hakupanda. Amerudi nyumbani mwenyewe. Amepiga magoti, baba yake amemsamehe."

"Ameingia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Bila kupuliziwa maji?"

"Kwa watu wa pwani ndivyo, mayu. Mama akikaa nyumbani kwa moyo safi, mtoto hurudi."

Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza. Nililiongeza kwa ustadi tu.

Mama akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akapiga vigelegele vifupi uani peke yake. Jirani yangu, ambaye Kisukuma alikuwa hajui hata cha kuombea chumvi, alinitazama. "Shoga, umemwambia nini mama yako? Mbona anashangilia msiba?"

"Anawafurahia waigizaji," nikasema. "Wamelia vizuri."

Mume wangu yeye alikuwa Msukuma, na alikuwa amesikia pande zote mbili. Jirani alipoondoka akafunga mlango na kusema taratibu, "Umemdanganya mama yako."

"Mwambie wewe ukweli, basi."

"Unajua kwamba siwezi."

"Najua," nikamjibu.

Ni katika mambo ninayoyajutia kuliko yote, jibu lile. Nilijua hasa. Katika nyumba nzima mtu mmoja tu aliyeujua ukweli kwa lugha ya mama alikuwa amefungwa mdomo kwa heshima, na mimi niliiegemea heshima hiyo kwa mgongo. Alinisihi usiku ule, akanisihi asubuhi. Alisema angeomba mke wa mfanyakazi mwenzake aje kukaa nami, alisema hospitali iko hatua mia nane, alizihesabu. Nililia, na kilio kilikuwa cha kweli, na yeye hakuwa mtu wa kushindana na kilio cha mwenye mimba.

Ijumaa hiyo hiyo alifanya alichoweza. Alikwenda Shinyanga kwa lori la mgodi akanunua tiketi ya gari la moshi ya kwenda Mwanza, ile ya karatasi ngumu. Aliporudi hakunipa mimi. Aliiweka juu ya kigoda mlangoni mwa jiko, katikati kabisa, pamoja na kibuyu kipya cha maji ya safari, akakohoa mara mbili, akaondoka. Mkwe hawezi kusema na mama mkwe, lakini hakuna desturi inayomkataza kuweka kitu juu ya kigoda.

Mama aliviona. Akakishika kibuyu, akakisifu. Akaishika ile karatasi kwa vidole viwili, akaja nayo kwangu. "Mkwe wangu ameniachia hii. Inasemaje?"

Niliisoma. Shinyanga, Mwanza, daraja la tatu. Nikasema, "Ni kadi yangu ya kliniki, mayu. Amesahau." Nikaitia kifuani.

"Mkwe mwema," mama akasema. "Anakumbuka kila kitu cha mtoto." Na akakitundika kibuyu ukutani.

Mwezi uliandama. Mama aliuona wa kwanza, akanionyesha mwembamba juu ya paa la karakana. Alisema, "Kaka yako naye anauona. Sasa anajitayarisha kuja." Ule unga aliufungua akatupikia uji.

Nilijifungua siku kumi na tisa baada ya ile Alhamisi. Hesabu mwenyewe: sita za safari, mbili tatu za kukaa na mwanawe, na bado angenikuta nafagia uwanja. Na nilipopata uchungu tulikwenda hospitali, nesi akanipokea mlangoni, akamwambia mama abaki nje, ndiyo taratibu. Mama yangu, niliyemzuia ili nisife, alikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini akisikiliza, na mimi nilizaa kwa nusu siku, binti mzima, pamoja na nesi ambaye sikumjua hata kabila. Wala sikumwita mama. Katika uchungu wote sikumbuki kumwita.

Yule kijana wa Kisumbwa alipita tena wiki chache baadaye, akirudi machimboni kutoka Tabora. Safari hii alikuwa na habari alizokutana nazo njiani, kwa wenzake waliotoka kule. Nilimwona kwa mbali nikamwahi barabarani, mtoto mgongoni. Kaka alikuwa ameshinda pale penye malori kila siku, kama alivyosema. Lori la kuwachukua lilipofika, aliwaomba wenye lori wangoje lori jingine moja kutoka pantoni, huenda mama yumo. Waliwasha injini, wakangoja. Halikuwa na mama. Akapanda.

"Mama yupo?" yule kijana akauliza. "Nimwamkie."

"Amekwenda kijijini," nikasema. Mama alikuwa uani anachambua mlenda.

Kutoka Kusini ilikuja barua moja, iliyoandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake, kwamba yu mzima na kuna baridi. Halafu hakuna kitu. Mwaka, miaka. Kama alikufa, kama alioa huko, kama alikataa tu kuturudia, sijui. Nimeuliza kwa waliorudi na hakuna aliyemjua.

Mume wangu hakuniambia tena neno juu ya jambo lile. Ila redio hakuiwasha tena siku za Alhamisi. Jirani alipokuja na kigoda chake alimwambia betri imekufa, na mimi nilijua kwamba ni nzima, maana habari tulizisikia. Ndiyo maana siri ya lile sanduku siijui.

Mama alirudi kijijini, na huko alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alianza kulisimulia. Jioni kwenye moto, kwa wajukuu, kwa majirani, kwa mwanamke yeyote ambaye mtoto wake yuko mbali: habari ya mama wa pwani aliyekaa nyumbani kwa moyo safi, na kijana aliyekataa kupanda gari la moshi akarudi mwenyewe na kupiga magoti. Alikuwa na kipaji. Alimtia yule kijana koti, akamtia mvua, akamtia mbwa wa nyumbani aliyemtambua. Wanawake waliomboleza na kufurahi mahali panapostahili. Binti yangu alilijua lote kwa moyo kabla hajajua kusoma, akanisimulia mimi, na mimi nikasema, ni zuri.

Kila alfajiri, tangu mwaka ule, mama alikuwa anatoka nje na maji yenye unga mdomoni na kuyapuliza upande wa kusini. Alisema si kwa ajili ya kumfuata, maana atakuja mwenyewe. Ni kumlainishia njia tu.

Uzeeni nilimchukua akae nami. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo alilala chumbani, si jikoni. Miguu ilikuwa inamvimba, na mchana nilikuwa namkanda kwa maji ya moto. Siku moja, kumekucha vizuri, watu wapo mashambani, akaniuliza bila utangulizi wowote, "Yule kijana wa redio. Una hakika aliingia mwenyewe?"

Hapo ndipo. Hapakuwa na mimba wala woga. Hapakuwa na mtu wa kunizuia. Miaka yote nilikuwa nasema siku akiniuliza nitamwambia.

"Aliingia mwenyewe, mayu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi huyo hakuwa amefukuzwa kweli. Kwao neno la baba ni jepesi. Letu lilikuwa zito, na nilijua kwamba ni zito, niliona damu pale langoni. Mimi ndiye niliyekosa, mwanangu. Nilikuwa na desturi yangu mkononi, nimeshausaga na unga, nikaiacha nikafuata desturi ya watu nisiowajua. Yule mtoto alinisubiri. Najua kwamba alinisubiri."

Nilikuwa nimeshika mguu wake. Sikuweza kumtazama.

"Mimi sitamwona," akasema. "Wewe bado una nguvu. Siku ukikutana na kaka yako, niombee radhi kwake. Mwambie kosa lilikuwa la mama."

Nikasema, "Nitakuombea, mayu," nikachovya kitambaa kwenye maji na kuendelea kumkanda.